Kitufe cha Mbao

Feni yenyewe haikutengenezwa kwa ajili ya nyumba ya watu. Ilitoka kwenye mtambo wa kompyuta wa ofisi moja kubwa iliyofungwa, mtambo wa kukaa peke yake katika chumba chenye baridi, mlango umefungwa, ambako hakuna mtu wa kulalamika. Muuza vipuri vya mitumba aliyemuuzia Bi Harusi alijigamba kwamba feni hiyo ikiwashwa inaweza kumpeperusha kuku. Hakusema uongo. Ilikuwa chuma kitupu, nene kama ngumi, na ikianza kuvuma ungedhani mashine ya kusaga imehamia sebuleni.

Bi Harusi hakuwa bi harusi wa mtu. Jina hilo alipewa mtaani kwa sababu kazi yake ilikuwa kuhariri video za harusi: anakata, anaunganisha, anatia muziki, anamwondoa mjomba aliyelewa na shangazi aliyesinzia. Harusi za watu zilipita mikononi mwake wiki nzima, yake haikupita, na baba yake, ambaye ndiye aliyelikoleza jina hilo kuliko mtu yeyote, alikuwa akisema binti yake amehudhuria harusi nyingi kuliko keki. Alisema hivyo mbele ya wageni. Binti anamkata jicho, baba anacheka, mambo yanaisha.

Sasa kwa nini kompyuta ya kuhariri harusi ihitaji feni ya namna ile? Hapo ndipo pa kumlaumu mzee, na kulaumiwa alilaumiwa. Alikuwa seremala, tena wa wale wenye kiburi. Kasha la bati la kompyuta lilipopondeka na vitu vya ndani kubaki uchi mezani, alimkataza binti yake katakata kununua lingine. "Bati? Mimi nikiwa hai?" Akamtengenezea kasha la mbao ngumu, zilizobaki kwenye kabati ambalo mteja hakurudi kulichukua. Viungo vyake vilikuwa vya meno kwa meno, hakuna msumari hata mmoja, pembe zimeshikana hata wembe haupiti. Watu walikuwa wanaomba kuligusa. Ila mbao haipitishi joto. Bi Harusi alimbembeleza atoboe matundu pembeni na juu, mzee akamwangalia kama mtu aliyetukanwa. "Hili ni kasha au chujio?" Akatoboa tundu moja tu la mviringo kwa nyuma, tena kwa shingo upande. Kompyuta ikawa inachemka na kujizima katikati ya kazi. Ndipo ikatafutwa feni ya kupeperusha kuku, ivute joto lote kupitia tundu hilo moja. Ubishi wa mtu mmoja ukazaa kelele za nyumba nzima.

Mzee alipokuwa mzima kelele zilivumilika, maana mchana kutwa alikuwa karakana na misumeno yake. Alipougua mambo yakabadilika. Uvimbe ulianza tumboni, ukasambaa mpaka kwenye mifupa, na hospitali wakamrudisha nyumbani kwa maneno mazuri ambayo kila mtu aliyaelewa. Chumba chake cha nyuma kilikuwa na unyevu wa kuotesha ukungu ukutani, kwa hiyo kitanda kililetwa sebuleni, chini ya dirisha. Meza ya kompyuta ilikuwa inatazama ukuta wa pili. Bi Harusi akawa anafanya kazi huku amempa baba yake mgongo.

Wala mzee hakukasirika kuwekwa hapo. Alipapenda. Akijiegemeza kwenye mito alikuwa anaiona skrini vizuri juu ya bega la binti yake, na harusi za watu zikawa ndizo shughuli zake. Bwana harusi na bi harusi hakuwajali. Alikuwa anatazama samani.

"Rudisha nyuma kidogo," anasema. "Hapo. Simamisha. Unaiona ile meza ya keki? Mguu wa kushoto umeunganishwa kwa gundi tu. Keki ile ina bahati."

"Baba, mimi natafuta pale bibi alipolia."

"Bibi analia kwa sababu ya kiti alichokalia. Mtazame mgongo wake."

Hivyo ndivyo siku zao zilivyokwenda, na usione ni jambo dogo. Mtu aliyeambiwa hana muda mrefu alikuwa anaamka asubuhi na kuuliza leo ni harusi ya nani.

Kitu kimoja tu alikuwa amekisema bila mzaha, na alikisema mapema, kabla kitanda hakijaletwa sebuleni. Mkewe, mama wa watoto wake, alikufa kwa maradhi yanayofanana na hayo. Maumivu yalipomzidi walimpa dawa ya matone, ile kali, ya kuwekwa chini ya ulimi, na tangu tone la kwanza hakuamka tena sawasawa. Alilala siku kadhaa akikoroma, mumewe amekaa pembeni anamwambia mambo ambayo hakuwahi kumwambia, hajibiwi, mpaka pumzi ikakata. "Mimi wasinipe matone yale," alimwambia Bi Harusi. "Niache niende macho yangu yakiwa wazi. Kuumwa naumwa mimi. Unanisikia?" Bi Harusi alisema anasikia. Alisema na kiapo juu yake, maana baba alimtaka aape.

Nesi wa zahanati alikuwa anapita kila wiki kumtazama. Yeye naye alikuwa na maneno yake. Alimvuta Bi Harusi mlangoni akamwambia: mzee akianza kuugulia, usingoje siku yangu, nipigie. Mtu hapaswi kuteseka wakati dawa ipo. Bi Harusi alisema sawa. Akawa amemwitikia baba, amemwitikia nesi, na moyoni anaomba ile siku isifike.

Na kweli ilionekana kama haitafika. Mzee alikuwa amekonda hadi pete ilimtoka kidoleni, lakini kuugulia hakuna aliyemsikia. Nesi akija anamuuliza maumivu yakoje, anajibu, "Ya kawaida tu, mwanangu. Wewe miguu yako haikuumi, na mizunguko yote hiyo?"

Aliyezua habari ya kupunguza feni ni kaka mkubwa. Alikuja siku moja na matunda, akakaa kitandani kwa baba, akajaribu kuzungumza, ikabidi apige kelele kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Akasimama.

"Wewe huna huruma," alimwambia dada yake. "Mgonjwa analazwa na kitu kama hiki? Hata mzima angeugua."

"Ikipungua kompyuta inajizima, kaka. Na kazi ndiyo inayolisha nyumba."

"Basi fundi gani wewe."

Neno hilo lilimchoma. Kesho yake alianza kuhangaika na feni. Kwanza aliitia mpira pembeni isitetemeshe mbao; mtetemo ukapungua, mvumo ukabaki vilevile. Halafu akauhamisha waya wake, badala ya kupokea volti kumi na mbili ipokee tano. Feni ikashtuka, ikajitikisa, ikagoma kuzunguka, maana feni kubwa namna ile inataka nguvu ya kutosha ndipo ianze. Yeye hakuona. Alikuwa ameshafurahia ukimya. Kompyuta ikachemka na kuzimika bi harusi wa watu akiwa mlangoni mwa ukumbi, mguu mmoja ndani, na kazi ya asubuhi nzima ikapotea. Mzee alicheka hadi akashika ubavu.

"Mwache akae nje huyo," alisema. "Humo ndani viti vyenyewe sivyo."

Mwisho alirudi kwa yule muuza vipuri, akapata kidude cha kudhibiti mwendo, chenye kitufe cha kuzungusha kama kile cha kuongezea sauti kwenye redio. Ukizungusha huku feni inapungua, ukizungusha huku inapanda. Alikirekebisha kwa ndani kisishuke chini ya ule mwendo wa kuiponza kompyuta, akakijaribu, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu walisikia saa ya ukutani. Akamgeukia baba yake akiwa anatabasamu, anangoja kusifiwa.

"Nikuachie hapa, baba? Au bado ina kelele?"

Mzee alikitazama kitufe. Uso wake haukuwa uso wa mtu aliyepewa zawadi. Kisha akanyoosha mkono.

"Niletee mimi huku. Vuta waya mpaka kitandani. Mgonjwa ni mimi, najua mwenyewe ninataka kiasi gani."

Bi Harusi aliona ni sawa kabisa. Akaunga waya mrefu, akaupitisha chini ya mkeka, akakifunga kidude kwenye ubao wa kitanda. Kitufe chenyewe kilikuwa kidogo, cha plastiki, na vidole vya mzee vilikuwa vimeanza kukosa nguvu. Basi akaomba kisu chake na kipande cha mbao, akakaa siku nzima anachonga, anapumzika, anachonga, mpaka akapata kitufe kipya, kipana, chenye makunyanzi pembeni ili kisiteleze. Akakichomeka, akakizungusha, akakubali kwa kichwa. Ndiyo ilikuwa kazi yake ya mwisho, na hata hiyo haikuwa na gundi.

Siku za kwanza feni ilikuwa chini. Wageni wanakuja, wanaongea bila kupaza sauti, kaka mtu akaja akasema, "Unaona sasa." Lakini wageni wakishaondoka, feni inapanda. Inapanda taratibu, inavuma kwa muda, halafu inashuka. Bi Harusi alipouliza, mzee alijibu kwamba amezoea mvumo, bila huo hapati usingizi. Yeye akaamini. Mtu aliyeishi na misumeno, si ajabu ukimya ukamtisha. Akaendelea na harusi zake.

Mpaka siku ile. Ilikuwa mchana mweupe, amebakiza mwisho wa video, pale picha inapofifia polepole na skrini kuwa nyeusi. Feni ilikuwa juu kabisa. Skrini ilipokuwa nyeusi tii, ndani yake akaona dirisha la nyuma, na chini ya dirisha kitanda, na kitandani baba yake amejikunja, kichwa amekitupa nyuma, mdomo wazi. Alikuwa anapiga kelele. Shingo imemtoka mishipa, mkono mmoja umekamata kitufe cha mbao, anapiga kelele kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, na sebuleni hakusikiki kitu ila feni.

Bi Harusi hakugeuka. Alikaa vile vile anaitazama skrini nyeusi mpaka mdomo ule ukafumbika, mkono ukapangusa uso kwa shuka, na feni ikaanza kushuka, taratibu, hadi saa ya ukutani ikasikika.

"Bi Harusi," sauti ya mzee ikasema, imetulia kabisa. "Imekwisha hiyo? Weka nyingine basi. Na leo uniwekee yenye ukumbi wa maana."

Akaweka nyingine.

Kuanzia hapo hakuwa na raha tena. Alikuwa ameshika kalamu, au sufuria, au ameinama kwenye picha, feni ikipanda kidogo tu mkono unasimama. Ikipanda kidogo alijua ni kidogo. Ikifika katikati alijua. Ikifika juu alikuwa anauma meno na kubofya vitu visivyo na maana, mgongo umekakamaa, kwa sababu alielewa kwamba kazi yake ni moja: asigeuke. Baba amejificha humo ndani ya mvumo, na kumfichua ni kumnyang'anya mahali pekee alipobakiwa napo. Ikishuka, mzee anarudi na maneno yake ya viti na meza, na yeye anajibu, na wanacheka. Kucheka kwenyewe walicheka kweli. Hapo ndipo palipomchanganya, kwamba mtu yuleyule wa kupiga kelele vile alikuwa na hamu ya kujua bi harusi anayefuata atakalishwa kwenye kitu gani.

Nesi alikuja siku yake. Mzee akashusha feni mapema, akajibu ya kawaida tu. Nesi hakuridhika. Alimtazama usoni, akamshika mkono, akamgeukia Bi Harusi.

"Dada, wewe ndiye unayeshinda naye. Anaugulia?"

Mzee hakumtazama binti yake. Alikuwa anatazama kitufe.

"Hapana," alisema Bi Harusi. "Sijamsikia hata siku moja."

Na hilo halikuwa uongo, ndilo lililomtesa. Nesi aliondoka. Baadaye mzee aliomba maji, akanywa, akasema, "Ahsante, mama," na alikuwa hamwiti mama ila akiwa amefurahi sana au amehuzunika sana.

Feni ikawa inakaa juu zaidi kuliko chini. Harusi moja wakaitazama nusu, nyingine robo. Mzee anaanza kusema habari ya kiti, katikati ya sentensi mkono unakwenda kwenye kitufe, na kiti kinabaki hakijasemwa. Majirani wakauliza kwani feni imeharibika. Kaka mtu alipiga simu, akasikia mvumo, akasema, "Tumekubaliana nini sisi?" na Bi Harusi akamkatia.

Kisha ikaja asubuhi ambayo feni ilipanda kabla ya uji na haikushuka. Bi Harusi alikaa mezani. Hakuwasha video yoyote. Skrini nyeusi aliiogopa, akaacha picha tupu ya maua. Alingoja ishuke. Alijiambia ikifika wakati wa chakula itashuka. Alihesabu maua. Kelele zile zilimwingia kwenye meno, kwenye mbavu, hadi akawa hajui tena kama anayosikia ni feni au ni yule aliye ndani ya feni. Uji ulipoa. Chakula cha mchana hakikupikwa. Feni ilikuwa juu.

Alichukua simu akatoka nje, akasimama barabarani mbali na mlango ili asikike. Hata pale mvumo ulikuwa unamfuata kupitia dirishani. Nesi alipopokea, alisema kwa mkato, "Njoo na matone."

Mzee alipomwona nesi mlangoni, siku isiyo yake, alielewa. Mtu wa vipimo haambiwi mara mbili. Mkono wake ukakizungusha kitufe polepole, polepole, hadi mwisho, na feni ikatulia. Akajivuta kwenye mito. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi kifuani.

"Karibu, nesi. Leo umepotea njia?"

Nesi alivuta kigoda akakaa, akaweka mkoba magotini, akangoja. Huyo mwanamke alikuwa ameona wengi. Saa ya ukutani ikawa inasikika. Mzee alimtazama nesi, akatazama dari, akauma mdomo wa chini. Alijikaza kiume, alijikaza kuliko binadamu anavyopaswa kujikaza, na Bi Harusi alisimama pale akitamani ardhi immeze. Halafu sauti ikatoka. Haikuwa kubwa. Ilitoka kama ya mtoto aliyekatazwa kulia.

Ilipokwisha, mzee alimtafuta binti yake kwa macho.

"Kumbe ulikuwa unasikia."

"Sikusikia, baba. Niliona kwenye skrini."

"Siku nyingi?"

"Siku nyingi."

Mzee akatikisa kichwa, kama mtu aliyekuta kasoro kwenye kazi yake mwenyewe baada ya mteja kuondoka nayo. Nesi alikuwa ameshafungua chupa.

"Niambie kweli," alisema mzee. "Umemwita kwa ajili yangu, au kelele zimekushinda?"

"Kwa ajili yako, baba."

Alijibu haraka, na mwenyewe aliisikia ile haraka. Mzee pia aliisikia. Alimwangalia kwa muda, si kwa hasira, afadhali ingekuwa hasira. Kisha akasema, "Haya," akafumbua mdomo, akainua ulimi.

Aliishi siku chache baada ya hapo, kama kule ni kuishi. Alikoroma, akapanguswa, akageuzwa. Sura ilikuwa imekunjuka, hana uchungu, kila aliyeingia alisema hivyo. Kaka mtu alikuja akakaa kitandani, akamshika baba mguu, akasikiliza. Feni ilikuwa chini kabisa, inasikika kwa mbali kama mtu anayekoleza moto kwa kupuliza.

"Sasa angalau kuna utulivu," alisema.

Kaka alipoondoka, Bi Harusi alikwenda kitandani akakizungusha kitufe cha mbao hadi juu, feni ikanguruma, vioo vya dirisha vikatikisika. Alisimama anamtazama baba yake, anamngojea aseme neno lolote, hata la kutukana. Mzee hakutikisika hata ukope. Akaishusha.

Kazi ilikuwa imelala, na watu wanadai harusi zao. Akakaa mezani, akafungua iliyokuwa ya kwanza kwenye foleni. Ukumbi mkubwa, mapambo ya bei mbaya. Bwana harusi alipokaa, kiti kilipinda, akajishika kwenye meza, wageni wakacheka, na kamera ikauonyesha mguu wa kiti vizuri kabisa, umeachia kwenye kiungo, gundi nyeupe inaonekana.

Bi Harusi akarudisha nyuma kidogo. Akasimamisha hapo. Akangoja, amempa baba yake mgongo kama kawaida yake, na nyuma yake pumzi iliendelea kutoka na kuingia, na alikuwa anaisikia yote.